Kitufe cha F1 na Msaada Uliobaki Ng'ambo ya Bahari

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024, siku moja baada ya nyaya za intaneti za EASSy na Seacom kupata hitilafu chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, mama mmoja ambaye ni katibu wa kikundi cha vikoba alifika kwenye chumba chetu cha mafunzo ya kompyuta huku Makorora, Tanga, akiwa na flashi mkononi na daftari la hisa kwapani. Kikundi chao kilikuwa kinakaribia kuvunja mzunguko na kugawana faida, naye alikuwa ameandaa jedwali la wanachama kwa LibreOffice Calc, programu ya bure ya majedwali ya hesabu ambayo ndiyo tunayoifundisha hapa.

"Mwalimu, hesabu ya kwenye kompyuta na ya kwenye daftari hazisemi kitu kimoja," aliniambia baada ya salamu, "na Jumamosi wenzangu watanikalisha kitako."

Nilipolifungua faili lake niliona ametumia fomula ya VLOOKUP kuvuta hisa za kila mwanachama kutoka ukurasa wa michango kwenda ukurasa wa mgao. Majina kadhaa yalikuwa yamepewa hisa za watu wengine. Hakukuwa na alama yoyote ya kosa. Namba zilikaa kwenye seli zake kwa utulivu uleule wa namba zilizo sahihi, na mtu asiye na daftari pembeni asingeweza kushuku chochote. Nilikumbuka kwa mbali kwamba fomula hiyo ina kipengele cha nne ambacho watu hukiacha, lakini sikukumbuka kinaandikwaje wala kikiachwa hutokea nini, na sikutaka kubahatisha juu ya fedha za watu. Nikafanya jambo ambalo nimewafundisha wanafunzi wangu kwa miaka mingi walifanye kila wanapokwama: nikabonyeza F1, kitufe cha kuita msaada. Kivinjari kilifunguka, kikazunguka kwa muda mrefu, kisha kikanieleza kwamba ukurasa haukupatikana.

Siku ile karibu nchi nzima ilikuwa inahangaika na mtandao, kwa hiyo sikushangaa kwamba ukurasa haukuja. Nilichoshangaa ni kwamba ulikuwa unatakiwa kuja kutoka mahali. Programu ilikuwa ndani ya kompyuta, faili lilikuwa kwenye flashi, mimi na mama tulikuwa tumekaa mbele ya kioo, na maelezo ya programu ileile yalikuwa ng'ambo ya bahari. Tulikaa na daftari tukapitia jina moja baada ya jingine hadi adhana ya magharibi, na hesabu ikanyooka, lakini kwa kalamu. Aliponiuliza kosa lilikuwa wapi, nilimjibu kwamba sijui bado. Nililipata jibu siku chache baadaye mtandao uliporudi: fomula hiyo huhitaji mambo manne, yaani unatafuta nini, utafute wapi, urudishe safu wima ya ngapi, na kama orodha imepangwa au haikupangwa. Jambo la nne likiachwa wazi, programu huchukulia kwamba orodha imepangwa kuanzia dogo hadi kubwa, na kwenye orodha isiyopangwa inaweza kurudisha jibu la mstari mwingine bila kulalamika. Orodha ya mama yule ilifuata tarehe za kujiunga, si alfabeti. Kuandika 0 mahali pa nne kungetosha. Maelezo yote hayo yanaingia katika aya moja, na aya hiyo ndiyo tuliyoikosa.

Kwa mtu wa umri wangu jambo hili linauma kwa namna ya pekee, kwa sababu tulijifunza kompyuta wakati ambapo msaada ulikaa ndani ya mashine. Programu za miaka ya tisini zilikuja na vitabu vya karatasi au na mafaili ya .hlp, na mwaka 1997 ukaja muundo wa CHM, ambao ni kurasa za wavuti zilizofungwa pamoja katika faili moja, zenye orodha ya yaliyomo upande wa kushoto na sehemu ya kutafutia. Nilijifunza fomula zangu za kwanza kwa njia hiyo, usiku, kwenye kompyuta isiyokuwa na waya wowote wa kuiunganisha na dunia. Ninazielewa sababu za watengenezaji kuhamishia maelezo kwenye tovuti: kosa la maandishi husahihishwa mara moja kwa wasomaji wote, tafsiri mpya huongezwa bila kumsubiri mtu asakinishe chochote, na faili la kusakinishia programu halivimbi. Ni sababu za kweli. Lakini zimejengwa juu ya dhana kwamba msomaji hukwama akiwa amesimama kwenye mtandao, na mimi ninaishi na watu ambao hununua bando la saa 24 siku ya mkutano na kukaa bila bando siku zinazobaki.

Nikaamua kwamba kabla ya kundi linalofuata la wanafunzi kuanza mwezi Agosti, kila kompyuta ya chumba chetu iwe na msaada wake ndani. Tulikuwa na kompyuta kumi na moja zilizotumika, tano za Windows na sita za Ubuntu, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows. Nilidhani ni kazi ya mwisho wa juma mmoja. Ilichukua karibu miezi mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo sikuutumia kutafuta maelezo yenyewe. Maelezo yapo na yanatolewa bure. Muda ulikwenda katika kuyafanya yafunguke.

Kwenye Windows nilianza vizuri. LibreOffice hutoa kifurushi cha msaada peke yake, kando ya programu, kwa kila lugha ambayo msaada umetafsiriwa, na ukikisakinisha F1 hufungua kurasa zilizoko kwenye diski badala ya kwenda kwenye tovuti. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kifurushi chochote kitafaa. Kompyuta zetu zilikuwa zimesakinishwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti, kila moja ikiwa na toleo lake, na kifurushi cha msaada ni lazima kilingane na toleo la programu, na pia na aina ya mfumo, biti 32 au biti 64. Nilikuwa nimepakua kimoja. Ilinibidi nichague kati ya kupakua kifurushi tofauti kwa kila mashine au kuzileta mashine zote kwenye toleo moja, na programu yenyewe ina zaidi ya MB 300. Nikachagua njia ya pili: nikaipakua programu mara moja pamoja na kifurushi chake, nikaviweka vyote viwili kwenye folda moja ya flashi, nikazunguka nazo mashine kwa mashine. Tangu hapo sipakui programu bila kupakua msaada wake saa ileile, kutoka ukurasa uleule, kwa sababu mwaka mmoja baadaye toleo lile halikai tena mbele na mtu huanza kulitafuta kwenye kumbukumbu za zamani.

Tatizo la pili la Windows lilitoka kwenye programu nyingine, ndogo, ya kutunzia stoo, ambayo msaada wake wa zamani ulikuwa faili la CHM. Nililipakua, nikalifungua, nikaona orodha yote ya yaliyomo upande wa kushoto na weupe mtupu upande wa kulia. Nilidhani faili limeharibika njiani, nikalipakua upya, nikapata weupe uleule. Siku iliyofuata kijana mmoja anayenisaidia ufundi alilichukua faili hilohilo kwa flashi yake kwenda kwenye kompyuta nyingine, na huko likafunguka likiwa na maandishi yote. Tulikaa tukilitazama jambo hilo bila kulielewa, faili moja, mashine mbili za aina moja, majibu mawili.

Maelezo yake niliyapata baadaye na ninayaandika hapa kwa sababu yatamwokolea mtu mwingine siku nzima. Windows huliwekea faili lililotoka kwenye intaneti alama isiyoonekana, na msomaji wa CHM akiiona alama hiyo huzizuia kurasa za ndani zisionekane, kwa kuwa faili la namna hiyo linaweza kubeba maagizo ya hatari. Alama hiyo hukaa kwenye diski zenye mpangilio wa NTFS. Flashi ya kijana wangu ilikuwa na mpangilio wa FAT32, ambao hauna mahali pa kuihifadhi alama hiyo, kwa hiyo faili lilipopita kwenye flashi liliivua. Dawa ya kawaida haihitaji flashi: unalibofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unafungua sifa zake, na chini kabisa kuna kisanduku cha kuondoa kizuizi. Yapo mambo mengine mawili ya muundo huu ambayo nilikutana nayo katika juma hilohilo. Faili la CHM likiwa ndani ya folda ambayo jina lake lina alama ya #, kurasa hazionekani, nami nilikuwa nimeiita folda yangu "MSAADA #2". Na tangu sasisho la usalama la mwaka 2005, faili la CHM lililofunguliwa kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao wa ndani halionyeshi kurasa zake, hivyo ndoto yangu ya kuliweka mahali pamoja na kulifungua kutoka kila meza iliishia hapo. Nikalinakili kwenye kila diski.

Kompyuta za Ubuntu ndizo zilizonikosesha usingizi. Nilisakinisha kifurushi kiitwacho libreoffice-help-en-us, nikahakikisha kwa macho yangu kwamba kurasa zimo ndani ya /usr/share/libreoffice/help, nikabonyeza F1, na Firefox ikafunguka ikasema kwamba faili halipo. Anwani iliyoandikwa juu ilianza na /tmp, folda ya mafaili ya muda, na kuishia na jina lenye neno newhelp. Nikafungua /tmp kwa mkono. Faili lilikuwepo. Lina ukubwa wake, tarehe yake na ruhusa ya kusomwa na mtu yeyote, nami ninalitazama huku kivinjari pembeni kikiendelea kusema kwamba faili hilo halipo. Nimeshughulika na kompyuta kwa zaidi ya miaka ishirini na sikuwa nimewahi kukutana na mabishano ya namna hiyo. Nilibadilisha ruhusa, nikaondoa kifurushi nikakirudisha, nikasakinisha LibreOffice upya, nikapoteza usiku wa kwanza na wa pili.

Usiku wa tatu ndipo nilipoelewa kwamba mimi na kivinjari sote tulikuwa tunasema kweli. Ubuntu 22.04, iliyotoka Aprili 2022, huileta Firefox ikiwa imefungashwa kwa mtindo uitwao snap. Programu iliyofungashwa hivyo huishi ndani ya nyumba kama mpangaji aliyepewa ufunguo wa chumba chake tu: ina /tmp yake ya ndani na haiioni /tmp ya nyumba nzima. LibreOffice, isiyo ya mtindo huo, ukibonyeza F1 huandika ukurasa mdogo wa kuelekeza ndani ya /tmp ya nyumba, kisha humwita kivinjari aje aufungue. Kivinjari hutazama /tmp ya chumbani kwake, hakioni kitu, na hujibu kwa uaminifu kwamba hakuna faili. Na hata ukiuvuka mlango huo, kurasa zenyewe zimo ndani ya /usr/share, ambako nako mpangaji huyu hafiki. Utaratibu huu una maana yake, kwani kivinjari ndicho kinachokutana na hatari nyingi zaidi za mtandaoni na ni busara kukifungia mbali na mafaili ya mashine. Lakini hakuna mahali kwenye kioo palipoandikwa kwamba "siruhusiwi kuona." Paliandikwa "halipo", na kwa neno hilo moja nilikwenda kuchimba mahali ambapo hapakuwa na tatizo.

Suluhisho liligeuka kuwa jepesi nilipojua ninachokitafuta. Tangu Januari 2024 watengenezaji wa Firefox hutoa wenyewe kifurushi cha .deb, muundo wa kawaida wa vifurushi vya Ubuntu, ambacho hakifungiwi kwa mtindo wa snap. Niliisakinisha hiyo kwenye mashine zote sita, nikaifanya kuwa kivinjari cha kawaida, nikabonyeza F1, na ukurasa wa msaada ukaja kabla sijaondoa kidole. Ilikuwa saa saba usiku na niliufungua na kuufunga ukurasa ule mara kadhaa kwa furaha tu.

Sehemu iliyobaki ilihusu programu mpya ya mauzo na stoo ambayo wafanyabiashara wadogo kadhaa wa soko la Mgandini walikuwa wameanza kuitumia na kutuomba tuwafundishe. Maelezo yake yalikuwa kwenye tovuti tu, bila PDF, bila kifurushi. Niliwaandikia wenye programu nikiomba ruhusa ya kunakili kurasa zao kwa ajili ya darasa, wakaniruhusu, nami nikatumia HTTrack, programu ya siku nyingi ambayo huipitia tovuti kiungo kwa kiungo na kuileta kwenye diski ikiwa imerekebishiwa viungo vyake. Asubuhi nilikuta folda yenye mamia ya mafaili. Ukurasa wa mwanzo ulifunguka ukiwa na rangi na picha zake, nikamtumia ujumbe mwalimu mwenzangu aliyeko Muheza kwamba kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha, na ilinichukua siku kugundua kwa sababu mimi na mwenzangu tulikuwa tumejidanganya kwa njia mbili tofauti. Mimi niliufungua ukurasa nikiwa nyumbani, ambako simu yangu ilikuwa inaigawia kompyuta mtandao. Kila kilichokosekana kwenye diski kilichotwa kimyakimya kutoka nje na mimi nikadhani kimetoka ndani. Mwenzangu alifanya jaribio lake bila mtandao kabisa, akaniambia kila kitu kipo, na kwa kweli alikiona. Lakini alikuwa ameipitia tovuti hiyo siku iliyotangulia, na kivinjari chake kilikuwa kimetunza nakala za kurasa kwenye hifadhi yake ya muda. Alipoisafisha hifadhi hiyo wiki iliyofuata kwa sababu nyingine kabisa, nusu ya kurasa zikatoweka. Tangu siku ile tuna namna moja ya kujaribu, na tunaifuata hata pale tunapokuwa na hakika: tunachukua mashine ambayo haijawahi kuufungua msaada huo, tunachomoa waya na kuzima Wi-Fi, tunaizima na kuiwasha mashine yenyewe, kisha tunamkalisha mwanafunzi ambaye hajui majibu na kumpa swali la kutafuta. Sisi tunasimama nyuma na kunyamaza.

Jaribio hilo lilionyesha mambo matatu mara moja. Kurasa zilikuwa zinachukua muda mrefu kutulia kwa sababu ziliita herufi na skripti (maagizo yanayoendesha ukurasa) kutoka tovuti za watu wengine, na kivinjari kilingoja jibu ambalo halingekuja. Baadhi ya maelezo yalikuwa yamekunjwa chini ya vichwa na hayakukunjuka. Na sehemu ya kutafutia, ambayo kwa mtu aliyekwama ndiyo mlango wa kila kitu, ilipokea maneno na kukaa kimya.

Hili la mwisho lina sababu mbili zilizolaliana. HTTrack hufuata viungo ilivyoviona vimeandikwa kwenye kurasa, lakini fahirisi ya kutafutia haikuandikwa kama kiungo. Ni faili ambalo skripti huliomba pale msomaji anapoanza kuandika neno, kwa hiyo mnakili hakulijua na hakulileta. Nililitafuta mwenyewe kwenye tovuti nikalipakua kwa mkono na kuliweka mahali pake, na bado kutafuta hakukufanya kazi. Sababu ya pili ni ya vivinjari vyenyewe. Ukurasa ukifunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski, ukiwa na anwani inayoanza na file://, skripti yake hairuhusiwi kusoma mafaili mengine ya diski, hata yaliyo kwenye folda ileile. Firefox ilikaza sharti hilo mwaka 2019 na Chrome ilikuwa nalo kabla ya hapo. Nalo lina haki yake, kwa maana bila sharti hilo ukurasa mbaya uliopakuliwa ungeweza kuyasoma mafaili yako mengine. Ila matokeo yake ni kwamba maelezo mengi ya siku hizi hayafi kwa kukosa intaneti, hufa kwa kukosa seva, yaani programu inayokigawia kivinjari kurasa, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Nilipokielewa hicho, kazi ilibaki ndogo. Kompyuta zetu za Ubuntu zina Python, lugha ya kuandikia programu, ndani, na mtu akiingia kwenye folda ya kurasa na kuandika python3 -m http.server 8000 anapata seva ndogo ndani ya mashine ileile, bila kusakinisha kitu. Kisha kivinjari hufunguliwa kwenye localhost:8000, anwani inayomaanisha mashine ileile. Kutafuta kukaamka. Vichwa vilivyokunjwa vikakunjuka baada ya kuzileta na zile skripti za nje na kuzielekeza kwenye folda yetu. Nikaandika faili dogo la kuiwasha seva kila mashine inapowaka, kwa sababu sikutaka mwanafunzi ajifunze amri ya Python kabla ya kujifunza kusoma msaada.

Kutoka hapo wazo la seva lilikua. Tulikuwa na ruta ya zamani isiyokuwa na laini wala bando. Tuliiwasha kama ilivyo, tukaunganisha kompyuta zote, na mashine moja iliyo karibu na dirisha ikawa mwenye kutunza msaada wa wote: kurasa za programu ya mauzo, vitabu vya PDF vya LibreOffice ambavyo timu yake ya maelezo hutoa bure, na maktaba ya Kiwix, programu iliyoanza mwaka 2007 kwa lengo la kusoma Wikipedia bila mtandao na ambayo nayo ina seva yake. Wanafunzi huunganisha hata simu zao. Jambo moja lilitusumbua kwa muda: simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti huihama zenyewe na kurudi kwenye data ya laini, na mwanafunzi hubaki akiamini kwamba msaada umeharibika. Sasa tunawaambia mapema kwamba simu itauliza kama wabaki kwenye mtandao usio na intaneti, nao wakubali.

Ningependa kusema kwamba baada ya hayo wanafunzi walianza kujisomea, lakini wengi hawakuanza, na sababu ilikuwa Kiingereza. Msaada ulifunguka mara moja, bila gharama, ukiwa na picha na mifano, na dada aliyemaliza darasa la saba na anayeweka hesabu za duka la jumla kwa uhodari kunishinda aliutazama na kuufunga. Hapa Tanzania kazi ya kuleta programu za ofisi kwa Kiswahili haikuanza jana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux, na nilikuwa miongoni mwa waliofurahi kuona menyu ikisema "Faili" na "Hariri". Lakini maelezo ni mengi kuliko menyu mara nyingi sana, na kuyatafsiri yote ni kazi inayozidi uwezo wa chumba kimoja cha Makorora.

Kwa hiyo tuliamua kutafsiri yale tu ambayo watu hukwama nayo. Kila mwanafunzi akiuliza swali ambalo limejibiwa kwenye msaada, tunaukalia ukurasa huo pamoja, tunaandika jibu kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, kwa mfano wa hapa: michango ya vikoba, mizigo ya mkonge, madaftari ya samaki wa Deep Sea hapa Tanga. Ukurasa huingia kwenye seva, na nakala ya karatasi huingia kwenye faili linaloning'inia ukutani, maana umeme nao hukatika. Tulibishana sana juu ya maneno. Wanafunzi husema "kuseva" na vitabu husema "kuhifadhi". Tumeandika "kuhifadhi" na kuliweka neno lao pembeni mara ya kwanza linapotokea, kwa kuwa ukurasa wa msaada usiomkuta mtu kwenye neno analolitafuta ni sawa na ule ulioko ng'ambo. Kufikia mwisho wa mwaka tulikuwa na kurasa arobaini na mbili. Ukurasa wa kwanza kuandikwa ulikuwa wa VLOOKUP, na mfano wake ni orodha ya wanachama isiyofuata alfabeti.

Mama wa vikoba alirudi mwezi Novemba, mzunguko mpya ukiwa katikati. Mtandao siku hiyo ulikuwepo, lakini bando lake lilikuwa limekwisha na hakulihitaji. Alikaa kwenye mashine ya tatu, akafungua jedwali lake, akaenda mwenyewe kwenye ukurasa wetu, akausoma taratibu kidole kikiwa juu ya kioo, kisha akarudi kwenye fomula na kuandika 0 mahali pa nne. Alilitoa daftari, akalinganisha mistari yote hadi wa mwisho bila kuniita. Alipomaliza ndipo aliponigeukia.

"Mwalimu, hii ya kujumlisha waliolipa peke yao, SUMIF, nayo ina ukurasa wake?"

Haikuwa nao. Tuliufungua msaada wa Kiingereza kwa F1, tukausoma pamoja, na jioni ile tukaandika ukurasa wa arobaini.